UZI: Kusakinisha programu na zana kwenye Linux, na kwa nini ujue kila kifurushi kimetoka wapi

Mshika Daftari

Ndugu zangu, mtu anapomaliza kuweka Linux kwenye kompyuta yake, swali linalofuata huwa ni lile lile: nisakinishe nini, na kwa njia ipi? Kuhusu nini, kila mtumiaji ana jibu lake. Njia ndiyo inayoamua kama mashine itakuwa bado nzima baada ya miaka miwili, kwa hiyo nitaanza na hiyo, halafu zana ninazozipenda nitazitaja tukishaelewana.

Anayetoka Windows amezoea kufungua kivinjari, kutafuta tovuti ya programu, kupakua faili na kulibofya mara mbili. Kwenye Linux tabia hiyo inapaswa kuwa njia ya mwisho. Distro nyingi (matoleo mbalimbali ya Linux, kama Debian na Ubuntu) zina ghala lao la programu, na ndani yake vifurushi vimekwisha kujengwa, kujaribiwa pamoja na kutiwa sahihi ya kidijitali. Kidhibiti vifurushi huvileta, huweka kila faili mahali pake, na huandika daftarini kwamba faili fulani ni la kifurushi fulani. Daftari hilo ndilo linalowezesha programu kusasishwa na kuondolewa bila kuacha mabaki. Ukiweka kitu nje ya daftari, kukitunza ni kazi yako mwenyewe.

Debian ilianza mwaka 1993, na APT, kidhibiti vifurushi chake, ikaingia rasmi na toleo la 2.1 mwaka 1999. Kabla ya hapo mtumiaji alipakua kifurushi, akaambiwa kinahitaji maktaba fulani (msimbo ambao programu huutegemea), akaitafuta, akaambiwa na hiyo nayo inahitaji nyingine, na safari ikaendelea hivyo hadi jioni. APT ilikuja kufanya mahesabu hayo ya vitegemezi kwa niaba yetu. Kwa hiyo kwenye Debian, Ubuntu na Linux Mint, kazi nyingi huishia katika amri hizi, unazoziandika kwenye terminali, yaani dirisha la amri (`sudo` huipa amri mamlaka ya msimamizi):

sudo apt update
apt search neno
apt show jina-la-kifurushi
sudo apt install jina-la-kifurushi

Amri ya kwanza haisasishi programu yoyote, ingawa jina lake linawadanganya wengi. Inachofanya ni kuleta orodha mpya ya vilivyomo ghalani. Anayesasisha programu zenyewe ni `sudo apt upgrade`. Ukisakinisha kwa orodha ya miezi mitatu iliyopita, unaweza kuambiwa kwamba faili halipatikani, kwa sababu ghala limekwisha kuweka toleo jipya na kuliondoa lile la zamani.

Sasa jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote katika uzi huu. Kabla ya kuendelea, APT huonyesha mstari wa namna hii (matoleo mapya huuandika kwa maneno tofauti kidogo, lakini kwa mpangilio ule ule):

0 upgraded, 4 newly installed, 0 to remove and 12 not upgraded.

Namba ya tatu, ile ya vitakavyoondolewa, isome kila mara. Ukiwa unasakinisha kichezesha muziki na namba hiyo ikasomeka 87, bonyeza N na utafute sababu. Siku moja niliona kwamba Python (lugha ya kuandikia programu) iliyokuja na mfumo ni ya zamani, nikaamua kuiondoa ili niweke mpya. Orodha ya vitakavyoondolewa ilijaza skrini nzima, nami nikabonyeza Y kwa mazoea. Nilipowasha upya kompyuta, eneo-kazi lote, yaani madirisha na menyu, halikuwepo. Nilikuta skrini nyeusi na kishale kinachopepesa. Sehemu nyingi za mfumo huitegemea Python ile ile niliyoidharau.

Kipanga

Ndugu Mshika Daftari, usijilaumu sana. Mwaka 2021 mtangazaji mmoja mashuhuri wa YouTube alifanya jambo kama hilo mbele ya mamilioni ya watazamaji: alitaka kusakinisha Steam, duka la michezo, kwenye distro ya Pop!_OS, mgongano wa vitegemezi ukaifanya APT ipendekeze kuondoa eneo-kazi, naye akaandika kwa mkono sentensi ya kukubali ambayo mfumo ulimtaka aiandike. Waendelezaji wa APT waliiondoa baadaye njia hiyo ya kukubali kwa kuandika sentensi, kwa kuwa ilithibitika kwamba mtu mwenye haraka huandika chochote anachoambiwa.

Mwanagenzi

Shikamooni wakubwa. Nina siku nne tu kwenye Linux na nimekwama mara mbili. Kwanza, terminali ilinitaka nenosiri, lakini kila nilichoandika hakikuonekana, hata nyota hazikutokea, nikadhani kibodi imeganda. Pili, nilipojaribu tena niliambiwa kwamba kuna kufuli kwenye `/var/lib/dpkg/lock-frontend`. Nimesoma mahali fulani kwamba nilifute faili hilo. Je, nifanye hivyo?

Nahodha wa Terminali

Marahaba, na usilifute.

Kuhusu nenosiri, kibodi yako ni nzima. Kwenye distro nyingi terminali haionyeshi kitu chochote ili aliye nyuma yako asijue hata idadi ya herufi. Andika, kisha bonyeza Enter.

Kuhusu kufuli, hiyo ni ishara kwamba programu nyingine inaandika katika lile daftari kwa wakati huo. Mara nyingi ni masasisho ya usalama yanayojiendesha yenyewe muda mfupi baada ya kompyuta kuwashwa, au ni duka la programu ulilolifungua ukalisahau nyuma ya madirisha mengine. Subiri dakika chache. Ujumbe wenyewe hutaja namba ya mchakato unaoshikilia kufuli, na ukiandika `ps -p` ikifuatiwa na namba hiyo utaona jina lake. Ukilifuta faili wakati mchakato huo unaendelea, waandishi wawili wataandika katika ukurasa mmoja, na daftari likiharibika matengenezo yake hayana utamu.

Kama umeme ulikatika katikati ya usakinishaji, hilo ni suala jingine, na dawa yake ni amri mbili kwa mpangilio huu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza humalizia vifurushi vilivyoachwa nusu, na ya pili hukamilisha vitegemezi vilivyokosekana.

Mwanagenzi

Nashukuru sana. Lilikuwa duka la programu, lilikuwa limefunguka nyuma ya kivinjari. Sasa nina programu ambayo haimo ghalani, na tovuti ya watengenezaji wake inatoa faili la `.deb`. Niliendesha amri ya `dpkg -i` kama walivyoelekeza, nikapata makosa ya vitegemezi.

Mshika Daftari

`dpkg` ni fundi asiyejua njia ya kwenda ghalani. Hufungua kifurushi ulichompa na kulalamika kwamba vingine havipo. Mpe APT faili hilo hilo, nayo itavileta vinavyokosekana:

sudo apt install ./jina-la-faili.deb

Kile kinukta na mkwaju mwanzoni ni vya lazima, kwani bila hivyo APT itatafuta ghalani kifurushi chenye jina hilo na kusema hakipo.

Ila fahamu kwamba faili la `.deb` huwa na hati ndogo zinazoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi wakati wa kusakinisha, na baadhi ya watengenezaji huzitumia kuongeza ghala lao ndani ya `/etc/apt/sources.list.d`. Hilo si baya, kwa maana programu itasasishwa pamoja na nyingine, lakini kuanzia hapo umempa mtu wa nje ruhusa ya kuleta vifurushi kwenye mashine yako kila unaposasisha. Pitia folda hiyo mara kwa mara, na ghala usilolitambua au usilolihitaji tena liondoe. Ukitakiwa kuongeza ufunguo wa ghala, uweke ndani ya `/etc/apt/keyrings` na uutaje kwa `signed-by` katika faili la ghala husika. Maelekezo yanayokutaka utumie `apt-key` ni ya zamani, kwa kuwa njia hiyo iliufanya ufunguo mmoja uaminike kwa maghala yote.

Na yale maelekezo ya kunakili mstari wa `curl` unaoishia na `sudo bash`, yaani wa kupakua hati na kuiendesha papo hapo kwa mamlaka ya msimamizi, mimi hupakua hati kwanza, nikaifungua kwa kihariri na kuisoma. Nikiona hainieleweki, naiacha.

Kipanga

Mbona hujataja Flatpak na Snap, njia nyingine za kusambaza programu nje ya ghala la distro? Mtumiaji wa leo wa eneo-kazi hawezi kuishi na ghala la distro peke yake. Debian thabiti hukaa na toleo lile lile la programu kwa takriban miaka miwili, na anayehariri video hawezi kusubiri muda wote huo.

Mshika Daftari

Nilikuwa naelekea huko, na hoja yako naikubali kwa programu kubwa za eneo-kazi. Flatpak hubeba programu pamoja na mazingira yake ya kuendeshea, kwa hiyo toleo jipya la Kdenlive, kihariri video, linaweza kukaa juu ya mfumo wa zamani bila kugusa maktaba zake. Programu ya kwanza hushtua, kwa sababu huja na mazingira yenye uzito wa mamia ya megabaiti. Ya pili na ya tatu huwa nyepesi zaidi pale zinapoyatumia mazingira yale yale. Baada ya muda, endesha `flatpak uninstall --unused` ili uondoe mazingira yasiyotumiwa na programu yoyote.

Lalamiko ninalolisikia zaidi ni hili: programu ya Flatpak haioni folda fulani au diski ya nje. Hiyo si hitilafu, ni uzio uliowekwa makusudi. Sakinisha Flatseal, ambayo husimamia ruhusa hizo, tafuta jina la programu, uiruhusu folda hiyo moja tu badala ya diski nzima. Kwenye Flathub, ghala kuu la Flatpak, tazama pia kama kifurushi kina alama ya kuthibitishwa, inayoonyesha kwamba kimetolewa na watengenezaji wenyewe. Visivyo nayo huandaliwa na watu wengine, wengi wao waaminifu, lakini ni vizuri ujue.

Snap ya Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ina wazo linalokaribiana na hilo, nayo inafaa hata kwa programu za seva. Mimi hainiridhishi kwa mambo mawili: duka lake ni moja tu na linaendeshwa na kampuni hiyo peke yake, na hujisasisha yenyewe, kwani hukagua masasisho mara nne kwa siku usipoizuia kwa `snap refresh --hold`. Linux Mint iliifungia kuanzia toleo la 20 la mwaka 2020. Watumiaji wa Ubuntu wajue kwamba tangu toleo la 22.04, `apt install firefox` huleta Snap hata kama amri yenyewe ni ya APT.

AppImage ni faili moja linalobeba kila kitu. Lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`, kisha lifungue. Lisipofunguka kwenye Ubuntu za karibuni, mara nyingi kinachokosekana ni maktaba ya `libfuse2`, ambayo kwenye 24.04 imeitwa `libfuse2t64`. Kumbuka tu kwamba AppImage haimo katika daftari lolote, na nyingi haziji na namna ya kujisasisha.

Nahodha wa Terminali

Mimi natofautiana nawe kidogo kuhusu Snap. Kwa mtu asiyependa kusasisha, kivinjari kinachojisasisha chenyewe ni bora kuliko kivinjari cha mwaka juzi chenye matundu ya usalama.

Mshika Daftari

Hilo siwezi kulipinga. Kwa mzee wangu mmoja ambaye hagusi kitufe cha masasisho, niliiacha Snap kama ilivyo.

Mama Kerneli

Sisi wa distro nyingine tusisahauliwe. Kwenye Fedora amri ni `sudo dnf install`, na kwa kodeki za video (vifasiri vya miundo ya video) zisizoruhusiwa katika ghala lake rasmi, huongezwa ghala la nje la RPM Fusion. Kwenye Arch ni `sudo pacman -Syu` ikifuatiwa na jina la kifurushi. Hapo nasisitiza ile `u`. Ukitumia `-Sy` peke yake unaleta orodha mpya na kusakinisha kifurushi kipya juu ya maktaba za zamani, nayo Arch haiungi mkono kusasisha nusu nusu. Niliwahi kufanya hivyo, na programu zaidi ya kumi zikagoma kwa sababu ya maktaba moja.

Mwanagenzi

Sasa naomba mnitajie zana zenyewe. Pia nyaraka zangu za Word zinavurugika kwenye LibreOffice, kurasa kumi zinakuwa kumi na mbili.

Mshika Daftari

Nianze na nyaraka, maana hapo wengi huilaumu LibreOffice kwa kosa la fonti. Fonti iliyotumiwa isipokuwepo, huwekwa nyingine yenye upana tofauti wa herufi, na kurasa zikasogea. Kwenye Ubuntu watu huelekezwa kusakinisha `ttf-mscorefonts-installer`, na hapo ndipo wageni hukwama: terminali hujaa kisanduku chenye masharti ya leseni, na chini yake kuna neno Ok. Mtu hubonyeza Enter mara ishirini, hakuna kinachotokea. Bonyeza kitufe cha Tab kwanza ili Ok ipate rangi, ndipo ubonyeze Enter. Kisha katika kisanduku kinachofuata uchague kukubali. Ukikataa kwa bahati mbaya, kiondoe kifurushi kwa `apt purge` na uanze upya, kwa kuwa `remove` ya kawaida huyaacha majibu yako ya awali.

Lakini kifurushi hicho kina Arial, Times New Roman na nyingine za enzi hizo, wala hakina Calibri wala Cambria, ambazo zimetumiwa katika nyaraka nyingi za Word tangu mwaka 2007. Sakinisha `fonts-crosextra-carlito` na `fonts-crosextra-caladea`. Carlito ina upana sawasawa na Calibri, na Caladea na Cambria, hivyo mistari hukatika palepale ilipokatika kwenye Word. Nadhani kurasa zako mbili za ziada zitatoweka hapo.

Zana za terminali ninazozisakinisha siku ya kwanza ni chache. `htop` huonyesha ni programu gani inayokula kumbukumbu. `ncdu` hupima folda na kukuonyesha iliyonenepa. Diski ikijaa, hiyo ndiyo ninayoianza kabla sijafuta chochote. `ripgrep`, inayoitwa kwa amri ya `rg`, hutafuta neno ndani ya maelfu ya mafaili kwa kasi ya kushangaza. `rsync` ni ya kunakili, na ikikatizwa huendelea na mafaili yaliyobaki bila kurudia yaliyokwisha kufika. Kwenye Debian na Ubuntu kuna jambo moja linalochekesha: ukisakinisha `bat`, amri yake ni `batcat`, na ukisakinisha `fd-find`, amri yake ni `fdfind`, kwa sababu majina mafupi yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na vifurushi vingine. Wengi hudhani usakinishaji umeshindikana. Weka `alias bat=batcat` katika `~/.bashrc`, yaishe.

Kwa eneo-kazi: VLC ya kuchezea video, KeePassXC ya kutunza manenosiri, Flameshot ya kupiga picha za skrini na kuzichora mishale, na Timeshift, ambayo hupiga picha ya mfumo ili uweze kuurudisha ulivyokuwa kabla ya sasisho lililoharibu. Timeshift, kwa mpangilio wake wa awali, hainakili nyaraka zilizo katika folda yako ya nyumbani. Hizo zinahitaji nakala rudufu yake kwenye diski nyingine.

Mwanagenzi

Carlito imefanya kazi, kurasa zimerudi kumi. Swali jingine: `pip install`, amri ya kusakinisha vifurushi vya Python, inanikatalia na kuniambia kwamba mazingira yanasimamiwa kutoka nje. Ninaona watu wanashauri kuongeza `--break-system-packages`.

Mama Kerneli

Jina la chaguo hilo limejieleza lenyewe. Tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04, `pip` imezuiwa kuandika katika eneo la Python ya mfumo, ile ile iliyompotezea Ndugu Mshika Daftari eneo-kazi lake. Kwa programu kamili iliyoandikwa kwa Python, tumia `pipx`, ambayo huipa kila programu chumba chake. Kwa mradi wako mwenyewe, tengeneza mazingira kwa `python3 -m venv jina-la-folda`, na ukishaharibu, futa folda hiyo bila mfumo kujua lolote.

Kipanga

Nina swali la ubishi kidogo. Mnalisifia ghala kana kwamba halina doa, ilhali tarehe 29 Machi 2024 ilitangazwa kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya `xz`, zana ya kubana mafaili, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri, na yalikuwa yamekwisha kuingia katika baadhi ya maghala.

Mshika Daftari

Ni kweli, na ubishi wako una maana. Yaliingia katika matawi ya majaribio, kama vile Debian isiyo thabiti na Fedora Rawhide, na yaligunduliwa kabla hayajafika katika Debian thabiti. Aliyeyagundua, Andres Freund, alianza kwa kushangaa kwa nini kuingia kwa `ssh` (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali) kunachelewa takriban nusu sekunde. Ghala haliwezi kukuhakikishia kwamba hakuna mwovu. Kinachosaidia ni kwamba kifurushi hupita kwa watu kadhaa na hukaa muda katika majaribio, na kikigundulika kibaya hurudishwa nyuma kwa wote kwa sasisho moja. Aliyepakua faili kutoka tovuti asiyoikumbuka hana wa kumrudishia. Kwa sababu hiyo hiyo ule ucheleweshaji wa Debian uliokukera hapo juu, mimi huuhesabu kuwa sehemu ya huduma.

Mwanagenzi

La mwisho kutoka kwangu. Nimesakinisha vitu vingi wiki hii na sivikumbuki vyote. Ninaweza kuvijua?

Nahodha wa Terminali

Fungua `/var/log/apt/history.log`. Kila tukio lina tarehe, saa, amri uliyoiandika, na vifurushi vilivyoingia na kutoka. Mafaili ya miezi iliyopita hubanwa kuwa `.gz`, nayo husomwa kwa `zless`. `apt-mark showmanual` huorodhesha vilivyosakinishwa kwa makusudi, ingawa humo utakuta pia vingi vilivyowekwa siku ya kwanza na kisakinishi cha mfumo. Ongeza `flatpak list --app` na `snap list`, uvihifadhi vyote katika faili moja. Siku ukihamia mashine nyingine utajua pa kuanzia.

Mwanagenzi

Nimeisoma. Jumanne saa tano usiku nilisakinisha vifurushi 31 kwa sababu ya mchezo mmoja ambao sijaufungua hata mara moja. Nimeuondoa, nikaendesha `sudo apt autoremove`, inayoondoa vitegemezi visivyohitajika tena, na safari hii niliisoma ile namba ya tatu kabla ya kubonyeza Y: ilikuwa 30, yote majina niliyoyaona kwenye faili la kumbukumbu.